Miaka 25 ya chaki, kisha uzamivu: kwa mwalimu wa Kiingereza wa Kanda ya Ziwa

Mwalimu aliyefundisha Kiingereza Magu au Sengerema kwa miaka 25 anapokuja kutafuta shahada ya uzamivu (PhD), huja na jibu mkononi. Anajua kwa nini watoto hawafungui mdomo. Anajua kwa nini insha za kidato cha nne zinafanana kama sare. Ujuzi huo ndio mtaji wake, na ndio pia unaomchelewesha kuliko ada, umri au miwani ya kusomea. Uzamivu unataka swali ambalo mwulizaji mwenyewe hana uhakika litajibiwaje.

Ninasimamia tafiti za ufundishaji wa lugha, na mada ninayoletewa mara nyingi kuliko zote ni hii: "Sababu zinazochangia matokeo mabaya ya somo la Kiingereza katika sekondari za kata wilayani" halafu jina la wilaya. Majibu yake yanajulikana kabla hojaji haijatolewa kopi: vitabu vichache, darasa limejaa, wazazi hawafuatilii, lugha mama. Hojaji itayarudisha hayohayo yakiwa na asilimia pembeni, kwa kuwa ndiyo yaliyoandikwa kwenye hojaji. Hapo mtafiti amepima jinsi walimu wanavyozoea kulisema tatizo. Tatizo lenyewe hajaligusa.

Chukua imani moja tu, ile unayoiamini kuliko zote, na uiandike juu ya karatasi tupu. Tuseme ni hii: "Kisukuma kinawaharibia Kiingereza." Chini yake jibu mambo matatu. Ni makosa gani hasa ninayoyasema? Kama imani hii ni ya uongo, ningeona nini darasani? Nitawalinganisha hawa na akina nani?

Angalia jinsi inavyoanza kuyumba. Mwanafunzi wa Kwimba anaandika "my mother, he is a farmer". Mwalimu anasema: Kisukuma hicho. Lakini Kiswahili nacho hakitofautishi jinsia, "yeye" ni mama na ni baba, kwa hiyo mtoto wa Tanga asiyejua neno moja la Kisukuma ana sababu ileile ya kukosea. Bila kundi la kulinganisha huwezi kukitwisha Kisukuma kosa hilo. Mkanganyiko wa l na r ni jambo jingine, hapo Kisukuma kina la kujibu. Hata hivyo mtihani wa Taifa wa kidato cha nne kwa somo hili ni wa kuandika, hauna karatasi ya kuzungumza. Ukitaka kuunganisha l na r na daraja la mtihani, tafuta ushahidi kwenye tahajia za madaftari. Masikio yako hayatoshi. Na ukiamua kulinganisha Kwimba na Ukerewe, ambako kuna Wakerewe na Wajita wengi, kumbuka tofauti utakayoiona inaweza kutokana na idadi ya walimu au umbali wa shule. Lugha ya nyumbani ni moja tu kati ya mambo yanayozitenganisha wilaya hizo.

Mada nzuri kwa mwalimu mkongwe mara nyingi ni ndogo na iko puani pake. Mwaka 1975 Sinclair na Coulthard, wakiwa Birmingham, Uingereza, walieleza mzunguko wa hatua tatu darasani: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatoa neno juu ya jibu. Kila mwalimu wa huku anaujua mzunguko huo katika sura yake ya kienyeji. "Are we together?" Darasa zima: "Yes, teacher!" Au mwalimu anakata neno katikati, "photosyn…", na wanafunzi 70 wanamalizia kwa sauti moja. Hakuna anayejua ni wangapi wameelewa, na hakuna aliyeaibika. Sasa uliza: mwanafunzi akijibu kwa Kiswahili, mwalimu anafanya nini katika sekunde 10 zinazofuata, na mwanafunzi huyo anazungumza tena katika kipindi hicho au ananyamaza hadi kengele? Swali hili linahesabika, linarekodiwa, na hata mwenye miaka 25 kazini hajui jibu lake, kwa sababu wakati huo alikuwa anafundisha.

Kuhusu ukubwa wa sampuli

Hapa watu wengi huchukua kanuni ya Yamane, ile ya kukadiria ukubwa wa sampuli, wakaingiza idadi, wakapata namba, wakaendelea. Wanafunzi 1200, kosa linaloruhusiwa la 0.05: 1200 gawanya kwa (1 + 1200 × 0.0025), yaani 1200 gawanya kwa 4, sawa na 300. Hesabu haina kosa. Kosa liko katika kinachofuata, pale mtafiti anapokwenda shule 6, akachukua darasa moja la watoto 50 kila shule, akasema amepata 300 wake.

Kanuni ile inadhani kila mwanafunzi amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu. Watoto 50 wa darasa moja wana mwalimu mmoja, kitabu kimoja, na tabia moja ya kuitikia. Wanafanana, hivyo kila wa ziada anakuletea habari kidogo kuliko wa kwanza. Kipimo cha kufanana huko kinaitwa uwiano wa ndani ya kundi. Tuseme ni 0.2. Sampuli yako inagawanywa kwa 1 + (50 − 1) × 0.2, yaani 10.8. Gawanya 300 kwa 10.8 unabaki na kama 28. Umezunguka mkoa, umejaza hojaji 300, na uzito wake ni wa watu 28! Ukigawa vingine, madarasa 30 na wanafunzi 10 kila darasa, kigawanyo kinakuwa 1 + 9 × 0.2, yaani 2.8, na unabaki na 107. Watoto ni 300 walewale. Nauli itapanda, najua, lakini afadhali ujue bei ya kila njia kabla ya kuandika sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti.

Kama swali lako ni lile la sekunde 10, huna haja na Yamane kabisa. Walimu 5, kila mmoja vipindi 4 pacha, vinatosha kwa uchambuzi wa kina. Tatizo lako hapo litakuwa masikio na muda.

Kurekodi, kunukuu, na mvua ya bati

Kipindi pacha ni dakika 80. Vipindi 20 ni dakika 1600, karibu saa 27. Sauti ya WAV, yaani isiyobanwa, ya kiwango cha 44.1 kHz, biti 16, chaneli moja, inachukua takriban MB 318 kwa saa, kwa hiyo mzigo wa kinasa kimoja ni kama GB 8.5. Unaingia kwenye flashi ya GB 16 na nafasi inabaki. Nakili mara tatu: kompyuta, diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, na hifadhi ya mtandaoni yenye nenosiri. Usitume rekodi kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, inabanwa na konsonanti zinapotea, na konsonanti ndizo unazozitafuta. Vishikwambi walivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022 vinafaa kusomea makala, lakini kwa kurekodi darasa la watoto 70 maikrofoni yake itakupa mwangwi wa ukuta.

Weka maikrofoni ya kubana kwenye kola ya mwalimu na kinasa cha pili katikati ya darasa, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili kisidake mgongano wa madawati. Vipindi viwili vya kwanza kwa kila mwalimu virekodi lakini usivichambue: darasa bado linaigiza, na mwalimu anazungumza Kiingereza ambacho hakukisikia tangu chuoni. Vihesabu kuwa nje ya vile 20.

Halafu mvua. Mwanza hupata mvua za masika Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba, na mvua juu ya bati inafuta kipindi kizima. Julai hadi Septemba ni kiangazi, shule zimefunguliwa baada ya likizo ya Juni, na mitihani ya Taifa ya kidato cha pili na cha nne ni ya Novemba. Dirisha lako ndilo hilo. Oktoba na Novemba mkuu wa shule hatakuruhusu kugusa darasa la mtihani, wala hana kosa. Desemba baadhi ya walimu wa Kiingereza wako kwenye usahihishaji. Januari kidato cha kwanza kinaripoti kwa mafungu.

Rudi nyuma kutoka Julai. Vibali vyote viwe mkononi kufikia mwisho wa Mei, kwa hiyo pendekezo la utafiti lipite chuoni si baada ya Machi. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka huko wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha Afisa Elimu Sekondari, ndipo mkuu wa shule. Mkoa wa Mwanza una halmashauri 8, na kila utakayoingia ina barua yake. Ukivuka kuingia Geita, huo ni mkoa mwingine tangu 2012, unaanza upya na Katibu Tawala wake. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, Sengerema unaweza kwenda na kurudi Mwanza mjini siku hiyohiyo bila kusubiri kivuko. Ukerewe bado ni meli hadi Nansio, panga kulala.

Kunukuu, yaani kuandika neno kwa neno kilichorekodiwa, ndiko kunakovunja watu. Saa moja ya darasa lenye lugha mbili, wakati mwingine tatu, inakula saa 6 hadi 8 za kuandika. Saa 27 mara 7 ni saa 189. Mwalimu mwenye vipindi vyake shuleni akipata saa 10 kwa wiki, hizo ni wiki 19. Kwa hiyo usinukuu kila kitu. Sikiliza kipindi chote mara moja ukiandika jedwali la dakika na tukio, kisha nukuu matukio ya swali lako tu. Yakitoka dakika 15 kwa kipindi, vipindi 20 ni saa 5, na kazi ni saa 35.

Andika kilichosemwa, kwa lugha iliyosemwa. Mwalimu wa Kiingereza ana ugonjwa wake hapa: mkono unasahihisha wenyewe. Mtoto kasema "she go", ukurasani inatokea "she goes". Au anatafsiri Kiswahili papo hapo kwa Kiingereza ili tasnifu isomeke vizuri, na pale lugha ilipobadilika, ambapo ndipo utafiti wenyewe ulipo, pamefutika. Weka nukuu halisi, tafsiri iwe mstari wa chini yake.

Mengine

Usifanyie utafiti darasa unalofundisha. Mwanafunzi hana ubavu wa kumkataa mtu anayemsahihishia. Nenda shule nyingine, au angalau mkondo wa mwenzako, na fomu za ridhaa azigawe mtu mwingine. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji saini ya mzazi na kukubali kwake mwenyewe. Fomu iwe ya Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja. Anayekataa abaki darasani, akae mbali na kinasa, na maneno yake yasinukuliwe.

Utumishi wa umma: hiari ya kustaafu ni miaka 55, lazima ni 60. Ukianza na 50 huku ukifundisha, hesabu miaka 5 au 6, kisha amua kama shahada hii ni ya kuhamia chuo au ya kujiridhisha. Zote ni sababu halali, ila zinabadilisha chuo utakachochagua na mkopo utakaokubali kuubeba. Ruhusa ya masomo iwe ya maandishi kabla ya kukosa kipindi cha kwanza. Chuo cha nje kinachokuahidi uzamivu kwa miezi michache, iulize kwanza Tume ya Vyuo Vikuu kama inakitambua, ndipo ulipe.

Msimamizi wako huenda ana miaka 38. Atakuamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha sura ya tasnifu yako itarudi na wino mwekundu ukurasa kwa ukurasa. Yapokee yote mawili. Kabla ya kila kikao mtumie nusu ukurasa: nimefanya nini, nimekwama wapi, nataka uamue nini. Ndani ya saa 24 baada ya kikao mwandikie mliyokubaliana. Wazee wengi huona aibu kuomba ufafanuzi kwa mdogo wao, wakarudi nyumbani wakaandika walichodhani kimesemwa.

Marejeo yaingie Zotero, programu ya kupanga marejeo, tangu makala ya kwanza, ni ya bure, na MB 300 za hifadhi yake zinatosha kama PDF unaziweka kwenye kompyuta yako. Na ukishatetea, ukapewa orodha ya marekebisho, tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema mtahini, nilichobadilisha, ukurasa. Usipokubaliana na hoja yake, safu ya katikati iandike sababu kwa sentensi mbili, na usiiache wazi.