Askari akipewa kazi isiyo ya vita

Asubuhi ya Agosti 20, 2014, wakazi wa West Point, mtaa wa mabanda jijini Monrovia, waliamka wakakuta wamezungushiwa seng'enge. Serikali ya Liberia ilikuwa imetuma polisi na wanajeshi kuufunga mtaa ili Ebola isisambae. Watu walipojaribu kutoka, risasi za moto zikafyatuliwa. Mvulana wa miaka 15 alipigwa miguuni, akafariki. Siku kumi baadaye mtaa ukafunguliwa.

Kisa hiki nikikitaja darasani, vidole vyote humwelekea askari aliyefyatua. Ana lake la kujibu, ndiyo. Lakini yeye amefundishwa kupambana na adui, kisha anasimamishwa mbele ya mama anayetaka kwenda sokoni, na mkononi ana silaha ya vita. Aliyempanga pale alitarajia nini?

Mwezi uliofuata Rais Barack Obama alitangaza kupeleka Liberia wanajeshi wapatao 3,000. Hawa walijenga vituo vya matibabu, wakafundisha wahudumu wa afya, wakapima sampuli maabara. Kuuguza wagonjwa hawakupewa. Hata shirika la tiba la Madaktari Wasio na Mipaka, ambao kwa desturi hujitenga na majeshi, walikuwa wameomba Umoja wa Mataifa nguvu za aina hiyo. Mgawanyo ule wa kazi naukubali, ingawa vituo vingi vilikamilika wagonjwa wakiwa wamepungua sana.

Linalosahaulika ni hiari. Daktari wa kujitolea huulizwa kama yuko tayari kwenda, naye anaweza kusema hapana. Askari husomewa amri, na amri ya kujenga kituo cha tiba ni halali, kwa hiyo hana pa kuikatalia. Ndiyo maana mkubwa anayemtuma ana deni kwake: mafunzo ya kazi hiyo hasa, vifaa, na ukweli kuhusu hatari.

Waliporudi, wanajeshi wale wa Marekani walitengwa siku 21 kambini, wakiwamo ambao hawakumsogelea mgonjwa hata mmoja, wakati wataalamu wa afya wa Marekani hawakutaka raia wa aina hiyo wafungiwe. Kundi la kwanza lilitengwa Vicenza, Italia. Ndani yake alikuwamo Meja Jenerali Darryl Williams, kamanda wa operesheni, akipimwa joto kama vijana wake.