Kifaa chako cha radi kikisema kilomita 14, hizo 14 kimezipata wapi?

Umeme ulimulika dirisha zima, nikaanza kuhesabu kwa saa ya mkononi, sekunde 9 ngurumo ikafika na vioo vikatetemeka. Sekunde 9 ni kama kilomita 3 hivi. Nikageuka kuangalia skrini ya kifaa changu mezani, imeandika 14. Umeme mwingine, sekunde 8, skrini bado 14. Wa tatu, sekunde 10, 14 tena. Na kifaa hakikuwa kibovu! Kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa, ila kazi yake siyo ile ambayo watu wengi wanaidhania.

Kazi yangu ni vipokezi vya redio, na kila msimu wa mvua naulizwa swali hilohilo, "nimenunua sensa ya radi, nai-kalibreti (nairekebisha) vipi ili kilomita ziwe sahihi?" Sasa ngoja nilieleze vizuri maana ndani ya swali hilo kuna mambo mawili tofauti watu wanayachanganya, umbali ambao kifaa kinaukisia tu na antena ambayo unaweza kuirekebisha, na ukiyachanganya utahangaika na bisibisi wiki nzima bila faida.

Vifaa vingi vya nyumbani, iwe umeunda mwenyewe na ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja) au umenunua kimeshafungwa kwenye kiboksi, vina chipu ya AS3935 ndani yake. Hii ni redio ndogo tu, inasikiliza kwenye 500 kHz. Radi ikipiga inatoa mawimbi ya redio, ndo ule mkwaruzo unaousikia kwenye redio ya AM mvua ikikaribia, na jambo hilo linajulikana tangu 1895 Alexander Popov alipounda kipokezi cha kunasa radi iliyo mbali. Chipu inasikia mkwaruzo, inaangalia umbo lake kama linafanana na radi au ni kelele za umeme wa nyumbani, halafu inakisia umbali. Nasema inakisia kwa sababu haina namna ya kupima umbali.

Fikiria hivi. Ukisikia mtu anaongea gizani unaweza kukadiria yupo mbali kiasi gani kama unajua sauti yake ya kawaida ikoje, lakini kama hujui anapiga kelele au ananong'ona, utakadiria nini? Radi ndo hivohivo. Mkondo wa pigo la kwanza la radi kwa kawaida ni kama kiloampia 30, lakini yapo mapigo ya 10 na yapo yanayovuka 100. Nguvu ya wimbi inapungua kadiri umbali unavyoongezeka, ukienda mbali mara kumi wimbi linadhoofika mara kumi. Kwa hiyo pigo la kiloampia 100 lililo kilomita 30 na pigo la kiloampia 10 lililo kilomita 3 yanaingia kwenye antena yako yakiwa takriban sawa, na hakuna skrubu wala rejista (nafasi ya mipangilio ndani ya chipu) ya kuyatenganisha ukiwa na antena moja tu.

Ndiyo maana waliotengeneza chipu hawakuahidi umbali wa pigo moja moja. Namba inayotoka ni makadirio ya umbali wa ukingo wa mbele wa wingu la radi, imetengenezwa kwa takwimu za mapigo yaliyotangulia, na inatoka kwa ngazi, 40, 37, 34, 31, 27, inashuka hivo mpaka 6, 5, halafu 1 ambayo maana yake dhoruba ipo juu yako. Hakuna 9, hakuna 3. Na ile namba ya nishati inayotoka pembeni yake ni namba tu, haina kipimo chochote cha kifizikia, usiichoree grafu ukaiita kiloampia. Nimeziona grafu za namna hiyo nyingi na zinaniumiza, maana mtu ametumia usiku mzima kuzitengeneza kwa nia nzuri kabisa.

Haya, sasa kitu ambacho KINAWEZA kurekebishwa ni antena, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu inayoharibu vifaa vingi kimyakimya. Koili ya antena na kapasita zake lazima ziitike kwenye 500 kHz, ikizidi au kupungua isivuke asilimia 3.5, yaani iwe kati ya 482.5 na 517.5. Ndani ya chipu kuna kapasita unazoziongeza kwa programu, pikofaradi 8 kwa kila hatua mpaka 120. Unaiambia chipu itoe frikwensi ya antena kwenye pini ya IRQ, ile inayopeleka taarifa za radi nje ya chipu, ikiwa imegawanywa kwa 16, halafu unahesabu pale kwenye pini, lengo lako ni 31,250 kwa sekunde, ukipata kati ya 30,160 na 32,340 upo ndani. Jaribu hatua zote 16 chagua iliyo karibu zaidi. Ukimaliza zima huo utoaji wa frikwensi, la sivyo pini ya IRQ haitakuletea taarifa za radi, halafu ndo uamuru kalibresheni ya saa za ndani. Mpangilio huo usiugeuze, saa za ndani zinajipanga kwa kutumia frikwensi ya antena, kwa hiyo antena ikiwa imekaa vibaya na saa nazo zitakaa vibaya.

Na fanya haya yote kifaa kikiwa kwenye boksi lake la mwisho, betri ikiwa pale itakapokaa, skrubu zimefungwa. Mimi niliwahi kurekebisha bodi ikiwa wazi mezani ikakaa vizuri kabisa, nikaiweka kwenye boksi la alumini nikafunga, nikapima tena nikakuta frikwensi imepanda nje ya mpaka. Chuma na alumini karibu na koili vinaisukuma frikwensi, na boksi la metali lenyewe linazuia wimbi lisiingie, kwa hiyo tumia plastiki.

Kinachofuata ni kelele. Chaja za simu, taa za LED, skrini, mota ya feni, vyote vinakwaruza kwenye frikwensi hizohizo. Nilikuwa na kifaa kilichokuwa kinatangaza radi anga likiwa jeupe, nikaandika muda wa kila tangazo kwenye daftari, kurasa mbili hivi nikaona zinapishana kwa muda unaokaribia kulingana, nikasimama jikoni nikisubiri, friji ikawaka "tak" na skrini ikaandika radi papo hapo. Nikakisogeza mita nne na kukiwekea betri badala ya adapta, zile radi za uongo zikaisha. Kuna mipangilio ya ndani na nje ya nyumba, ya ndani inaongeza usikivu, na kuna kizingiti cha kelele na cha kukataa miiba (mikwaruzo mifupi ya ghafla), lakini kila ukipandisha kizingiti unapoteza radi za mbali, kwa hiyo sogeza kifaa kwanza ndo uguse rejista.

Kuhusu kiberiti cha gesi ambacho watu wanakitumia kujaribu kifaa: ile cheche ukiipiga karibu na antena inaonyesha tu kwamba waya zimeungwa na chipu ipo hai. Umbo la cheche siyo umbo la radi, chipu iliyokaa vizuri mara nyingi itaiita kelele, na hapo imefanya sahihi.

Sasa usahihi wenyewe utaupimaje? Lazima uwe na ukweli wa kulinganisha nao. Ukweli wa kwanza ni ngurumo. Sauti inakwenda mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi sifuri, ongeza 0.6 kwa kila nyuzi ya joto, kwenye nyuzi 25 ni kama 346, kwa hiyo gawa sekunde kwa 3 unapata kilomita. Kumbuka njia ya radi ina urefu wa kilomita kadhaa na matawi, ngurumo ya kwanza unayoisikia inatoka kwenye kipande kilicho karibu nawe zaidi, siyo lazima pale ilipogusa chini. Na ikivuka kama kilomita 15 mara nyingi husikii kitu.

Kwa mbali zaidi tumia mtandao kama Blitzortung, ulioanzishwa na Egon Wanke kule Ujerumani, ambao vituo vyake vya watu wa kujitolea vinapima muda wimbi lilipofika kwa kutumia GPS. Wimbi linakwenda mita 300 kwa maikrosekunde moja, vituo vingi vikilinganisha muda wanapata mahali. Saa ya kompyuta yako inayojirekebisha kwa intaneti inaweza kukosea milisekunde moja au zaidi na hiyo moja ni kilomita 300, kwa hiyo kutafuta mahali huwezi, ila kulinganisha matukio inatosha kabisa.

Chukua matangazo yako yote ya dhoruba moja, angalia mangapi yana radi ya mtandao ndani ya sekunde moja na ndani ya kilomita 40. Halafu, na hatua hii wengi wanairuka, sogeza muda wako wote kwa dakika 5 ulinganishe tena. Dhoruba ikiwa kali radi ni nyingi mno kiasi kwamba hata muda wa kubahatisha utaangukia kwenye radi fulani. Tuseme asilimia 80 zilioana mwanzoni na baada ya kusogeza bado 60 zinaoana, basi ile 80 haikwambii mengi. Ikishuka mpaka 10, hapo kifaa chako kinasikia kweli. Hesabu pia zilizokupita, maana kifaa kinachotangaza radi tatu tu zote sahihi huku kimekosa mia, hakikulindi. Na pigo moja siyo mmuliko mmoja, mmuliko mara nyingi una mapigo matatu au manne yaliyopishana kwa makumi ya milisekunde, kwa hiyo msishangae mtandao kuwa na hesabu kubwa kuliko yenu.

Baada ya kupima dhoruba kadhaa hivi niliondoa kilomita kwenye skrini yangu. Sasa inaandika "kimya", "inakuja" au "ipo", na chini yake dakika tangu radi ya mwisho, watoto hawatoki nje mpaka dakika hizo zifike 30. Na tukisikia ngurumo kwa masikio yetu tunaingia ndani hata kama skrini imeandika "kimya".