Kuongeza sekunde hakuzidishi ukali wa cheche

"Uliacha shata wazi sekunde ngapi mpaka moto ukawa mkali vile?" Watu huniuliza hivyo kuhusu picha zangu za usiku, za donge la stilwuli (sufi ya nyuzi za chuma) linalowashwa na kuzungushwa hadi litawanye cheche. Shata ni pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia. Swali hili limenichosha, kwa sababu lenyewe tayari limebeba kosa. Wapiga picha wengi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, wanaamini kwamba cheche zikitoka hafifu, dawa ni kuongeza sekunde. Wanatoka 10 wanakwenda 20, kisha 30. Anga inazidi kupauka, na cheche ziko vilevile.

Cheche inatembea. Inapita juu ya kila pikseli, yaani kijidoa kimoja cha sensa inayopokea mwanga ndani ya kamera, kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kisha imeshakwenda. Sekunde zinazobaki haziongezi chochote pale ilipopita. Ukali wa mstari ule unaamuliwa na tundu la lenzi na ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga. Muda wa shata unaamua mengine mawili: mistari mingapi itaingia kwenye fremu, na mandharinyuma yatapata mwanga kiasi gani.

Linaloniudhi ni kwamba wanaobisha zaidi ni watu wa harusi na kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba ukweni), wanaofanya kazi na flashi kila wikendi. Wanajua fika kwamba ukumbini, ukishusha shata kutoka 1/60 hadi 1/15 ya sekunde, mwanga wa flashi juu ya bibi harusi haubadiliki. Zinazobadilika ni taa za nyuma. Kwa nini? Kwa sababu flashi imeshawaka na kuzima kabla shata haijafunga. Na cheche, kwa kila pikseli, ni hivyo hivyo. Kanuni waliyoikubali mchana wanaikataa usiku.

Kwa hiyo mimi hupanga cheche kwanza. ISO 100, f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikikua, tundu linapungua), sekunde 15, napiga moja ya majaribio, nakuza kwenye skrini. Natazama mistari, anga naiacha kwanza. Ikiwa katikati ya mstari ni nyeupe na rangi ya chungwa imebaki kingoni tu, nafunga hadi f/11. Ikiwa myembamba na yenye wekundu wa kufifia, nafungua hadi f/5.6. Baada ya hapo sigusi tena. Anga ikiwa nyeusi mno ndipo naongeza sekunde: kutoka 8 hadi 30 ni karibu stopu mbili za mandharinyuma (kila stopu ni mwanga mara mbili), na cheche hazibadiliki.

Lakini kuna mahali ambapo sekunde zina nguvu kweli, na nadhani ndipo imani hii potofu ilipozaliwa. Donge la stilwuli lenyewe linazunguka njia ile ile. Ukisimama palepale, kila mzunguko unapaka mwanga juu ya mwanga, na lile duara la kati linageuka jeupe tupu huku cheche za pembeni zikiwa nzuri kabisa. Mtu analitazama duara, anahukumu picha nzima. Tembea huku ukizungusha, au funika lenzi kwa kadi nyeusi baada ya mizunguko michache. Isitoshe, donge la kawaida huisha baada ya sekunde 15 hadi 20 hivi. Shata ikiendelea kuwa wazi, inakusanya anga tu.

Siziamini zile jedwali zinazotaja f moja kwa kila usiku. Donge lililotanuliwa vizuri huwaka tofauti na lililobanwa, na upepo kidogo tu hubadilisha mambo.

Saa nayo ina masharti. Huku karibu na ikweta jua huzama karibu wima, na ile buluu nzuri ya jioni haikai hata nusu saa. Ukitaka umbo la Mwamba wa Tororo lionekane nyuma ya moto, tripodi na fokasi viwe tayari kabla ya saa moja jioni.

Stilwuli iwe ile laini ya nyuzi nyembamba. Ile ya kusugulia masufuria yenye vipande vilivyojikunja, isiyoshika kutu, haifai. Iwekwe ndani ya waya wa kupigia mayai, uliofungwa kwenye kebo ya chuma. Kamba ya plastiki itayeyuka. Betri ya volti 9 inatosha kuwasha, ndiyo maana betri na stilwuli havikai mfuko mmoja.

Usipige penye nyumba za nyasi, wala kwenye majani makavu ya Januari. Tafuta machimbo ya murram, tena baada ya mvua. Jerikeni la maji liwe karibu, nguo ziwe za pamba, macho yafunikwe, kamera ikae upande upepo unakotoka. Ukimaliza, kagua ardhi kwa tochi hadi uhakikishe hakuna kinachofuka.

Kuhusu ule mpangilio wa kamera wa kupunguza chembechembe (madoadoa ya picha za gizani), ambao hupiga fremu ya pili ya giza yenye urefu ule ule: vitabu huusifu, mimi bado nasita. Kwa sekunde 15 nauzima na kuhifadhi faili ghafi (RAW), kwa sababu kuisubiri fremu hiyo kunanila ule muda mfupi wa buluu.