Masika Yakianza, Usiahirishe Kwenda Mbugani

Kila mwaka mawingu yakianza kujikusanya, wakazi wa Nakuru na Kisumu hutuuliza sisi wa elimu ya wanyamapori: tungoje kukauke ndiyo twende mbugani? Mimi husema nendeni sasa. Machi na Aprili vumbi limelala, nyasi zinachipua na magari ya watalii ni machache. Sharti ni moja tu: badilisha unachokitafuta.

Kiangazi wanyama hubanana penye maji, hata mvivu huwaona. Mvua ikishanyesha kila kidimbwi kinajaa, nao hutawanyika, na nyasi ndefu huwasitiri. Ukienda kwa ajili ya simba pekee unaweza kurudi umenuna. Nenda kwa ajili ya ndege.

Kwera dume, aliyekuwa na rangi ya majani makavu, sasa ni manjano tupu na anasuka kiota huku akipiga kelele. Jike huja kukagua. Akikikataa, dume hukifumua na kuanza kingine. Nimeona watoto wa shule wakimtazama fundi huyo kwa muda mrefu kuliko walivyomtazama kifaru.

Wakati huohuo wengine wanaondoka. Mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya wanarudi huko, kwa kuwa majira ya kuchipua yanaanza na wadudu wanaibuka. Ndege wa gramu 20 hivi atavuka Sahara! Bonde la Ufa ni mojawapo ya njia zao, kwa hiyo angalia juu pia.

Kuhusu heroe, au flamingo kama wengi tunavyowaita, usimlaumu askari wa langoni ukiwakuta wachache Ziwa Nakuru. Wao hula spirulina, mwani unaositawi kwenye maji ya magadi. Ziwa limefura sana katika miaka ya karibuni, magadi yakazimuliwa na mwani ukapungua, basi wengi huhamia Ziwa Bogoria.

Ukiwa upande wa Kitale, fika Saiwa, hifadhi ndogo isiyoingiwa na gari. Utatembea kwa miguu na kupanda jukwaa la mbao juu ya kinamasi. Hapo ndipo kwa nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame kwenye tope. Akitishwa hujitosa majini na kubakiza pua. Uvumilivu unahitajika, na gambuti pia.

Jambo moja hunisumbua. Watu wanaoishi karibu na hifadhi hukuta ndama wa swala amelala peke yake nyasini, wakambeba wakidhani ametupwa. Hajatupwa. Mama humficha na kwenda kulisha, kisha hurudi kumnyonyesha. Mwache, ondoka pale, na ukiwa na wasiwasi mwarifu askari wa wanyamapori. Ukimshika unamnyang'anya mama yake.

Kwa hifadhi ya Ruma, kule Bonde la Lambwe, udongo mweusi ukilowa hunasa magari madogo. Tafuta lenye nguvu ya magurudumu yote, ujikinge na mbung'o. Nakuru, funga vioo unapokula, nyani hawaombi. Malipo ya hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hufanywa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo kamilisha ukiwa nyumbani kwenye mtandao mzuri, na ubebe kitambulisho upate bei ya mwananchi. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Wahi, maana mvua ya huku magharibi hupenda kuanguka alasiri.