Mwezi hauchoti maji: yanayodhaniwa kuhusu mvutano

"Angani hakuna mvutano."
Tumepotoshwa na picha za wanaanga wanaoelea. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko juu yetu kilomita 400 hivi, umbali usiofika hata Nairobi hadi Mombasa kwa barabara. Huko mvutano wa Dunia bado ni takriban asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Wanaelea kwa sababu wanaanguka: wao, kituo na kijiko chao, vyote kwa pamoja. Ila wanakimbia kwa upande pia, karibu kilomita 28,000 kwa saa, na kila wanavyoshuka ndivyo Dunia nayo inavyojipinda chini yao. Basi hawafiki.

"Kizito hutangulia kufika chini."
Kinachouchelewesha unyoya ni hewa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya pale mwezini, kusiko na hewa, vikagusa udongo pamoja.

"Mwezi unachota maji ya bahari kama ndoo."
Hii ndiyo inayonishangaza zaidi, maana ushahidi wa kuikanusha tunao pwani kila siku. Kama mwezi ungekuwa unayanyanyua maji tu, yangejaa mara moja kwa siku, pale unapokuwa utosini. Mbona yanajaa mara mbili?

Jibu ni tofauti ya mvuto. Upande wa Dunia ulioelekea mwezi uko karibu, kwa hiyo unavutwa zaidi kuliko kitovu cha Dunia. Upande wa nyuma uko mbali, unavutwa kwa nguvu pungufu kuliko kitovu. Bahari inatuna pande zote mbili, mbele kwa kutangulia, nyuma kwa kuachwa. Jua nalo linaivuta Dunia mara 180 hivi kuliko mwezi, lakini kwa umbali wake tofauti hiyo inakuwa ndogo, na mchango wake kwenye maji haufiki nusu ya ule wa mwezi.

Jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja na Dunia, tunapata bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Wengi husema bamvua ni la mwezi mpevu. Muulize mama anayelima mwani Paje, Zanzibar: atakwambia lipo pia mwezi unapoandama, usiku wa giza totoro. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi vinapingana, na maji yanakuwa mafu: hayajai sana wala hayapwi sana.

Na wale wasemao mwezi huvuta damu mwilini kwa kuwa nayo ni majimaji? Hata Ziwa Victoria, pamoja na upana wake wote, hulioni likijaa na kupwa. Sembuse mtu wa futi sita.

"Shimo jeusi linafyonza kila kitu."
Satelaiti iliyotusaidia kuyajua mashimo haya, yenye mvuto ambao hata mwanga hauponyoki, ilirushwa kwetu, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya; ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Ilichunguza miale ya eksirei ya Cygnus X-1, shimo jeusi linalokula gesi ya nyota iliyo jirani yake kabisa. Aliye mbali halimfyonzi. Anahisi uzito wake tu, kama wa nyota yoyote. Jua letu likigeuka leo kuwa shimo jeusi la uzito uleule, tutaganda kwa baridi gizani, lakini Dunia itaendelea kulizunguka kwa siku zake 365 kama kawaida.