Insulini, friji ya soda na mtungi wa bibi

Bibi mmoja alikuja kliniki yetu ya kisukari, huku Dodoma vijijini, kichupa cha insulini amekifunga ndani ya khanga mara tatu utadhani dhahabu. Sukari ya mjukuu wake ilikuwa juu wiki nzima, ingawa sindano alichomwa kwa wakati. Nikakitikisa kichupa: vipunje vimeng'ang'ania kioo.

"Bibi, ulikuwa ukiiweka wapi?"

"Kwenye friji ya soda, mwanangu. Mwenye duka ananiwekea nyuma kabisa, penye baridi nzuri."

Nyuma kabisa ndiko kwenye barafu. Insulini ikishaganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka. Na kosa lilikuwa letu wauguzi, tulioimba "friji, friji" kwa watu wasio na umeme.

Insulini ya mtoto yule hutolewa bure kupitia Changing Diabetes in Children, mpango ulioanza mwaka 2009 unaokutanisha serikali za nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, na washirika wa nje kama kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark. Naushukuru, tena sana. Ila baridi yote inayotunzwa njia nzima huishia dirishani petu. Kutoka hapo ni bodaboda juani, halafu nyumba ya bati. (Wafadhili wengi hupenda friji za sola, zinatoka vizuri kwenye picha.)

Kilichonitoa kwenye lawama ni ushirikiano mwingine, ambao haukutuletea hata katoni moja. Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto ndani ya makazi ya wakimbizi kambini Dagahaley, kaskazini mwa Kenya: nyuzi 25 usiku, hadi 37 mchana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva wakairudia hali hiyo maabara kwa wiki nne, joto likipanda na kushuka vilevile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: nguvu ya insulini haikupungua zaidi ya asilimia 1, sawa na ile iliyokaa kwenye baridi.

Wiki nne zinatutosha. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000. Anayechoma uniti 36 kwa siku hukimaliza karibu siku ya 28. Vichupa visivyofunguliwa tunabaki navyo kwenye friji ya kituo, na hatumpi mtu vitatu kwa mkupuo.

Nyumbani sasa tunafundisha mtungi wa kupooza, ili joto lisipite hilo la Dagahaley. Chungu kikubwa, mchanga, chungu kidogo katikati, kichupa ndani ya kikopo chenye mfuniko kisilowe, kitambaa kibichi juu. Weka kivulini penye upepo, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Maji yanapokauka huondoka na joto. Kwa ukame wetu unafanya kazi. Ndugu zangu wa Tanga na Bagamoyo msiutegemee sana, hewa yenu ina unyevu, maji hayakauki upesi.

Nilipomwonyesha bibi, alisikiliza hadi mwisho, kisha akatazama ndoo.

"Maji nayafuata mbali, mwanangu. Ya kunawia mikono yanafaa?"

Yanafaa.