Uhalifu Usioandikwa OB

Mtu akinyang'anywa simu karibu na soko la Kongowea, Mombasa, mara nyingi kwenda kituoni hutegemea kama kitambulisho nacho kimekwenda. Kupata kitambulisho kipya kunahitaji abstract ya polisi, yaani hati ya kuthibitisha kwamba uliripoti. Ikiwa ni simu tupu, wengi huwasimulia jamaa, wakatafuta nyingine.

Si Mombasa pekee. Tangu 1973, Marekani huwauliza watu majumbani uhalifu uliowapata, wawe waliuripoti au la. Kwa kawaida visa vya ukatili vinavyofika polisi ni kama nusu au chini yake, na vya wizi wa mali ni takriban thuluthi. Wizi wa gari huongoza kwa kuripotiwa, kwani bima hailipi bila ripoti.

Kwa hivyo kitabu cha OB (Occurrence Book), ambamo polisi huandika matukio yanayoripotiwa kituoni, hakitupi uhalifu wote, bali ule ambao mtu aliona una maana kuupeleka. Ripoti za wanawake kupigwa zikiongezeka katika kituo kimoja, huenda kituo hicho kimeanza kuaminiwa. Nawaomba wanahabari wetu walipime hilo kabla ya kutangaza kwamba mtaa umeharibika.

Wanaonyamaza wana sababu. Aliyekukata panga Kisauni aweza kuwa kijana wa nyumba ya tatu, na mamake mnasalimiana kila asubuhi. Wengine wamekwisha kata tamaa kwamba hakuna litakalofanywa. Mambo ya nyumbani hupelekwa kwa wazee, nami nauheshimu usuluhishi wao katika ugomvi wa mpaka au deni. Lakini mtoto aliyenajisiwa hasuluhishiwi kwa faini. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimpi mzazi wala mzee wa mtaa uwezo wa kuifuta kesi hiyo. Nambari ya simu 116 hupigwa bure kwa ajili ya watoto.

Namna mtu anavyopokewa kaunta pia ina uzito. Mtafiti Tom Tyler aliwachunguza wakazi wa Chicago miaka ya 1980, akaona kwamba kusikilizwa na kutendewa haki huwafanya watu wawakubali polisi, hata pale matokeo yasipowapendeza.

Sasa kuna makundi ya WhatsApp ya mtaa. Klipu ya wizi ikiingia, kila mmoja hudhani mwingine ameshapiga simu. Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walijaribu jambo hili: waliodhani wako peke yao wakimsikia mtu ameshikwa na kifafa, asilimia 85 waliita msaada kabla hajanyamaza, walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Klipu hiyo hiyo ikizungushwa wiki nzima hubadilisha pia tunavyouona mji. Tangu miaka ya 1990, Wamarekani wengi wameendelea kusema uhalifu unazidi nchini mwao hata miaka uliposhuka, ilhali kuhusu mtaa wao wenyewe hawana hofu kiasi hicho. Tuisambazapo klipu ya zamani bila tarehe, vijana wa Likoni au Majengo wasio na kosa ndio wanaokwepwa njiani na kunyimwa kazi.

Ukishuhudia, piga 999 au 112 wewe mwenyewe kabla ya kutuma chochote kundini. Kituoni, hakikisha maelezo yako yameandikwa, usiondoke bila nambari ya OB. Afisa akikataa kuandika, muulize mkuu wa kituo. Asiposikia, IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, hupokea malalamiko dhidi yao.